Babu Yake Lincoln Aliyekufa Bila Wasia

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya ubatizo, vya kipaimara, vya ndoa na vya mauti. Vimo katika kabati la mbao lenye kufuli, na miguu ya kabati imesimama ndani ya makopo ya mafuta ya taa, mchwa wasipate kupanda. Kila juma huja mtu mwenye haja yake. Huyu ataka cheti cha ubatizo ampeleke mtoto shule, yule ataka kutangaza ndoa.

Siku moja alikuja mzee mmoja, anasukuma baiskeli yake toka mbali. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” akaketi, akafuta jasho, kisha akanieleza. Baba yake alikufa zamani. Sasa ndugu zake wa baba mmoja, watoto wa mke aliyeolewa baadaye, walikuwa wakisema kwamba mama yake hakuolewa kwa ndoa yo yote. Basi yeye si mrithi, atoke shambani. Alitaka nimtafutie ndoa ya wazazi wake. Tulipekua kitabu cha ndoa ukurasa kwa ukurasa, miaka kumi. Akaja mara ya pili, akaja na mara ya tatu. Jina hatukuliona. Mara ile ya tatu hakusema neno. Alivaa kofia yake akatoka.

Nakueleza haya kwanza kwa sababu ndiyo niliyokwenda nayo moyoni katika safari nitakayokusimulia.

Mwaka jana parokia moja ya mji wa Louisville, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, ambayo ina urafiki na parokia yetu, ilitualika watu watatu tukae nao mwezi mmoja. Ilikuwa Oktoba. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka rangi ya dhahabu na ya damu, na asubuhi baridi iliuma masikio. Mimi nilikaribishwa katika nyumba ya mama mmoja mzee, mwalimu aliyestaafu. Alipojua kwamba mimi hutunza madaftari, alifurahi kana kwamba amempata ndugu aliyepotea. Kumbe mama huyo kazi yake tangu astaafu ni kufuata nyayo za wazee wa kale katika makaratasi!

Si yeye peke yake. Wamarekani wengi hutafuta babu aliyeishi wakati wa Vita vya Uhuru, yaani ile vita ya mwaka 1775 hata 1783 waliyopigana na Waingereza wapate kujitawala. Kuna chama cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1890, cha mabinti wa watu walioisaidia vita ile. Hukubaliwi kwa maneno matupu. Sharti uoneshe kwa maandiko kwamba wewe ni mtoto wa fulani, naye fulani ni mtoto wa fulani, kizazi baada ya kizazi, mpaka umfikie yule wa vita.

Nikamwuliza mama mwenyeji, “Si mngeangalia tu madaftari ya jeshi?” Akacheka. Mwezi wa Novemba mwaka 1800 ofisi ya vita iliungua moto, na makaratasi mengi ya vita ile yakateketea. Kwa hiyo mtafutaji hupita njia nyingine, nazo ni wasia za marehemu, hati za mashamba, madaftari ya kodi na hesabu za watu. Askari hakuandikwa vitani tu, bali pia aliponunua ng’ombe, alipouza shamba, alipokufa na majirani wakaja kuhesabu vyungu vyake.

“Nitakuonesha babu mmoja,” akasema. “Si wangu. Ni babu yake Abraham Lincoln.”

Lincoln wamjua, msomaji. Ndiye Rais wa Marekani wa wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, aliyetangaza mwaka 1863 kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi wawe huru, akauawa kwa risasi mwaka 1865. Lakini mtu huyu mkubwa hakuwajua wazee wake. Mwaka 1848, alipokuwa mbunge, alimwandikia barua Mlincoln mmoja wa Virginia amwulize kama wao ni jamaa. Habari za babu yake, ambaye naye aliitwa Abraham, alizipata kwa masimulizi ya nyumbani tu.

Basi, twende.

Siku ya kwanza tulikwenda mahali paitwapo Long Run, mwendo wa maili ishirini hivi toka Louisville kuelekea mashariki. Nchi ni ya vilima vidogo, majani mabichi, uzio wa mbao, farasi wanene. Mama alisimamisha motokaa penye makaburi ya kale na mabaki ya kanisa la Wabatisti. Ndipo husemwa kwamba babu amezikwa. Alitoa mkobani nakala ya karatasi ya upimaji wa shamba ya tarehe 7 Mei 1785. Shamba ni ekari 400, mwenyewe ameandikwa Abraham Linkhorn.

“Linkhorn?” nikasema. “Si ndiye huyu.”

“Ndiye,” akajibu. “Karani aliandika alivyosikia.”

Sikuweza kumcheka karani yule. Nami katika vitabu vyangu ninao watu wa nyumba moja, majina yao yameandikwa namna nne, kwa kuwa padre mmoja alikuwa Mholanzi, mwingine Mfaransa, na wa tatu hakusikia vizuri. Anayetafuta jina kwa herufi zilezile za leo atampita babu yake mlangoni.

Babu huyu alikuwa kapteni wa askari wa mgambo huko Virginia wakati wa Vita vya Uhuru. Hati ya mwaka 1780 yaonesha kwamba yeye na mkewe Bathsheba waliuza shamba lao la ekari 250 penye kijito cha Linville kwa pauni 5,000. Usidhani walikuwa matajiri. Ni fedha ya karatasi ya wakati wa vita, iliyokuwa imeshuka thamani vibaya. Jina la mke limo katika hati pia, maana kwa sheria yao mke alikuwa na haki yake ya ujane katika shamba la mumewe, na mume hakuweza kuiuza bila yeye kukubali. Mwaka huohuo Kapteni alilipa pauni 160 katika hazina ya Virginia apewe haki ya ekari 400 huko Kentucky, ambayo wakati ule ilikuwa bado sehemu ya Virginia. Wakavuka milima pamoja na watoto watano.

Ukirudi nyuma zaidi, karatasi zaendelea kukushika mkono. Baba yake Kapteni aliitwa John, aliyenunua ekari 600 huko Linville mwaka 1768 baada ya kutoka Pennsylvania. Baba yake John aliitwa Mordecai, akafa Pennsylvania mwaka 1736, naye aliacha wasia. Wasia huo naupenda. Wana wawili aliwapa shamba la nyumbani. Mabinti wawili aliwapa ardhi iliyokuwa New Jersey. John alipewa ekari 300 hukohuko New Jersey. Kisha, kwa kuwa mkewe alikuwa mja mzito, Mordecai aliandika pia fungu la mtoto aliye tumboni! Mtoto alizaliwa baada ya baba kufa, akakuta sehemu yake imekwisha kuandikwa. Na John alipoiuza ardhi yake ya New Jersey mwaka 1748, hati ikamtaja kuwa mwana wa Mordecai. Hapo ndipo pingu ya mnyororo iliposhika, kwa wasia mmoja na hati moja. Toka kwa Mordecai wamefuatwa mpaka kwa Samuel Lincoln, kijana mfumaji nguo, aliyetoka Uingereza mwaka 1637.

Sasa rudi nasi Long Run. Siku moja ya mwaka 1786 Kapteni alikuwa shambani na wanawe watatu, Mordecai, Josiah na Thomas. Risasi ikatoka mwituni, akaanguka. Josiah alikimbilia ngome ya majirani kuomba msaada. Mordecai, aliye mkubwa, alikimbia nyumbani akachukua bunduki. Thomas, mtoto wa miaka minane hivi, alibaki karibu na maiti ya baba yake, na mmoja wa wenyeji wa asili, wale walioitwa Wahindi Wekundu, akamjia amchukue. Mordecai akapiga risasi toka nyumbani, akamwua mtu yule. Thomas akapona. Yeye ndiye aliyekuja kuwa baba wa Rais.

Nilimwuliza mama juu ya wale waliotoka mwituni. Alinyamaza kidogo, akaniambia kwamba nchi ile yalikuwa mawindo ya Washawnee na makabila mengine, na kwamba katika masanduku yote ya mahakama aliyoyapekua hakupata kuona hati waliyouza wao kwa jirani hawa. Tukasimama hapo kimya. Upepo ulikuwa ukipeperusha majani juu ya makaburi.

Lincoln mwenyewe aliandika kwamba babu yake alikuja Kentucky kama mwaka 1781 au 1782, akauawa mwaka mmoja au miwili baadaye. Hayo ndiyo aliyosikia. Lakini mtu aliyekufa mwaka 1784 hawezi kupimiwa shamba mwezi wa Mei mwaka 1785! Karatasi ile ya mpima ardhi imesahihisha maneno ya mjukuu aliye Rais. Nami sisemi masimulizi ya wazee ni uongo. Habari ya mauti, ya watoto watatu, ya bunduki, walishika barabara. Mwaka tu ndio ulioteleza, na miaka huteleza kwa kila mtu.

Na mwaka huo, msomaji, si jambo dogo. Sikiliza vizuri.

Kapteni hakuacha wasia. Alikuwa mtu wa miaka 42, mwenye nguvu, akipanda mahindi. Nani afikirie wasia? Sheria ya zamani ya Virginia, iliyotoka Uingereza, ilisema kwamba mtu akifa bila wasia, ardhi yake yote humwendea mwana wa kwanza. Sheria hiyo ilikwisha kufutwa na baraza la Virginia, na mpya ikaandikwa, watoto wote wagawane sawa, wa kiume kwa wa kike. Lakini sheria mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1787. Kapteni alikufa mwaka 1786. Miezi michache tu! Mordecai akachukua ardhi yote. Josiah, Thomas na dada zao wawili hawakupata hata pembe ya shamba.

Basi fikiri: babu mzaa babu, Mordecai wa Pennsylvania, alimwandikia fungu hata mtoto wa tumboni. Mjukuu wake Kapteni, mwenye ekari nyingi kuliko yeye, hakuandika neno, na Thomas aliyebaki kando ya maiti alikua kibarua, akifanya kazi hapa na pale, asipate kusoma. Aliweza kuandika jina lake tu, tena kwa shida. Ile orodha ya mali ya Kapteni, iliyoandikwa na majirani kwa amri ya mahakama, ipo mpaka leo. Mna farasi, ng’ombe na ndama, jembe la kukokotwa, majembe ya mkono, sahani, bunduki, vitanda vya manyoya ya ndege. Niliisoma nakala yake polepole kama mtu asomaye barua ya jamaa yake.

(Juu ya Mordecai yule mkubwa, niongeze jambo litakalowafurahisha wengi wa wasomaji hawa. Alioa binti wa nyumba ya Wakatoliki waliotoka Maryland, na watoto wake wakalelewa katika dini ile. Baadaye walihamia Illinois, na huko Fountain Green kuna makaburi ya Wakatoliki yenye jina la Lincoln. Sikulijua.)

Juma la pili tulikwenda kusini, Hodgenville, alikozaliwa Rais tarehe 12 Februari 1809. Njiani nilitaka kujua kwa nini mama hataji hesabu ya watu, maana kwetu ndiyo tungeanza nayo. Akaniambia kwamba hesabu ya kwanza ya Marekani ilifanyika mwaka 1790, ila makaratasi ya Kentucky ya mwaka huo yamepotea, na ya Virginia vilevile. Watafutaji hutumia madaftari ya kodi badala yake. Tena hesabu zile za kwanza ziliandika jina la mkuu wa nyumba peke yake. Mkewe na watoto ni vijistari tu vya kuhesabia katika safu za umri. Majina ya watu wote huru wa nyumba yalianza kuandikwa mwaka 1850. Na hesabu ya mwaka 1890, iliyokuwa kubwa na nzuri, iliharibiwa na moto huko Washington mwaka 1921.

“Na watumwa?” nikauliza.

Watumwa mwaka 1850 na 1860 waliandikwa katika karatasi za peke yao chini ya jina la bwana wao, umri, kiume au kike, rangi ya ngozi, jina hapana. Mwaka 1870 ndipo walio wengi walipoandikwa kwa majina, wakiwa watu huru. Mjukuu wao akitaka kwenda nyuma ya hapo, sharti asome wasia wa bwana na orodha ya mali yake, na huko atamkuta bibi yake ameandikwa kwa jina moja na bei, mstari mmoja chini ya ng’ombe. Mama alisema kuna siku alikaa maktaba karibu na kijana mweusi aliyekuwa akitafuta hivyo. Alipoliona jina aliweka kidole juu yake, asikiondoe mpaka maktaba ilipofungwa.

Hodgenville utaona jumba la mawe kilimani, lenye ngazi 56, moja kwa kila mwaka wa maisha ya Lincoln. Lilifunguliwa mwaka 1911. Ndani mna kibanda cha magogo, chumba kimoja, udongo umezibwa kati ya gogo na gogo. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kuwa ndimo alimozaliwa. Mwaka 2004 wataalamu walisoma pete za magogo yale, wakaona kwamba hata lililo kongwe lilikatwa karibu mwaka 1848. Mtoto amezaliwa mwaka 1809! Kibanda kikabaki palepale, ila sasa watunzaji husema wazi kuwa ni mfano wa kile cha asili. Nikawaheshimu kwa hilo.

Mimi kilichonivuta si jumba, ni chemchemi iliyo chini yake. Maji hutoka penye mwamba, yakadondoka shimoni, yakatoweka chini ya ardhi. Ndiyo iliyolipa shamba jina lake, Sinking Spring. Na hapo karibu ulikuwapo mti wa mwaloni uliotajwa na wapima ardhi kuwa mpaka wa shamba. Ulikuwapo Lincoln alipozaliwa, ukafa mwaka 1976.

Mpaka wa mti! Wewe uliyegombea mpaka kwa sababu ya mwembe uliokatwa, utaelewa upesi kilichompata Thomas Lincoln. Huko Kentucky kila mtu alijipimia shamba lake kwa miti, mawe na vijito, na mashamba yakapandana kama makuti ya paa. Thomas alinunua shamba lake la kwanza, Mill Creek, likiwa ekari 238. Wakati wa kuuza vipimo vikaonesha 200, ekari 38 zikapotea hewani. Mwezi wa Desemba 1808 alitoa dola 200 taslimu akanunua Sinking Spring. Kumbe mwenye shamba wa zamani alikuwa na deni juu ya ardhi ile, na kesi ikamtoa. Akahamia Knob Creek, mwendo wa maili chache tu. Tulipita huko, bonde zuri kati ya vilima vya msitu. Mwaka 1815 warithi wa tajiri mmoja wa Philadelphia walimshitaki yeye na majirani zake, wakidai bonde lote ni lao, ekari elfu kumi. Kesi ile baadaye Thomas alishinda, lakini hakuingoja. Mwaka 1816 alibeba watoto wawili na mkewe, akavuka mto Ohio kwenda Indiana, nchi isiyo na utumwa, ambako serikali ilikwisha kupima ardhi kwa miraba iliyonyoka kabla ya kuiuza. Mwanawe aliandika baadaye kwamba walihama kwa sehemu kwa ajili ya utumwa, ila hasa kwa taabu ya hati za mashamba.

Watu waliwahi kumwandika Thomas kuwa mvivu, fukara, mtu asiye na lo lote. Lakini miaka ya 1920 mchungaji na mhariri mmoja wa gazeti hapo Hodgenville, jina lake Louis Warren, alipita mahakama kwa mahakama akifungua madaftari ya kodi. Akamkuta Thomas mwaka hata mwaka akilipa kodi yake, ana farasi, ana shamba, ameitwa kukaa katika baraza la mahakama. Mvivu haitwi huko. Kitabu chake kilitoka mwaka 1926. Nikawaza, kumbe daftari la kodi, ambalo sote twalichukia, laweza kumtetea marehemu.

Siku ya mwisho tulikwenda Springfield, katika wilaya ya Washington. Ndiyo siku niliyoingoja, ingawa sikujua. Ni mji mdogo, na nyumba yake ya mahakama ni ya matofali, imejengwa mwaka 1816. Si mbali na hapo wako Wadominiko wa St. Rose, walioanza kazi yao mwaka 1806. Mwaka huohuo, tarehe 12 Juni, Thomas Lincoln alimwoa Nancy Hanks katika wilaya hii.

Nancy alikufa Indiana mwaka 1818, Abraham akiwa na miaka tisa. Na mwana alipokuwa mtu mkubwa, maneno yakaanza. Ati wazazi wake hawakuoana. Ati yeye ni mtoto wa nje. Waliotaka kujua walikwenda mahakama ya Elizabethtown, wilaya ya Hardin, ambako Thomas na Nancy walikaa baada ya ndoa. Wakapekua, wasione kitu. Kwa wenye ulimi mrefu hiyo ikawa ushahidi. Lincoln aliuawa mwaka 1865 na maneno hayo yakaendelea juu ya kaburi lake na la mama yake.

Karatasi ilikuwapo. Ilikuwa imelala Springfield siku zote. Mwaka 1878 karani wa wilaya, bwana W. F. Booker, aliitoa katika mafungu ya zamani. Ni dhamana ya ndoa ya tarehe 10 Juni 1806, ya pauni 50, iliyotiwa sahihi na Thomas Lincoln pamoja na Richard Berry aliyesimama kwa upande wa bibi arusi. Tena ikapatikana orodha ya mhubiri Jesse Head ya ndoa alizozifunga, na kati yake wao wawili, pamoja na tarehe. Nimeziona nakala zake. Sahihi ya Thomas ni nzito, kama ya mtu anayelima kwa kalamu.

Nilimwuliza mama, “Kwa nini ilikuwa huku, na wao walikaa Hardin?”

Akanitazama kama mwalimu amtazamavyo mtoto aliye karibu kupata jibu. “Nancy alikuwa akikaa wapi kabla ya kuolewa?”

“Hapa. Kwa jamaa zake.”

“Basi.”

Msomaji, nilisikia joto masikioni pamoja na baridi ile yote. Miaka kumi ya kitabu changu nilikuwa nimeipekua mara tatu, na wala sikumwuliza yule mzee mama yake alikuwa binti wa wapi. Mimi, niliyefundishwa ualimu chuoni miaka miwili, na kuambiwa kila siku kwamba swali ni nusu ya somo!

Niliporudi nyumbani nilimwita kwa njia ya katekista. Alikuja na baiskeli yake. Nikamwuliza. Akataja kijiji kilicho mbali, siku mbili kwa miguu wakati ule, katika parokia nyingine kabisa. Niliandika barua kwa karani wa huko, nikamtajia majina namna zote ninazoweza kuyaandika, maana nilikwisha kujifunza kwa Linkhorn. Majuma matano baadaye ikaja nakala yenye mhuri. Jina la baba lilikuwa na herufi moja zaidi, la mama lilikuwa sawa. Tarehe, padre, mashahidi wawili, vyote vimo.

Nikamsomea mzee. Akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akaniomba mara ya tatu, nisome polepole.

“Wameandika mama alikuwa na miaka mingapi?”

“Kumi na tisa, mzee.”

Akacheka mpaka akashika meza. “Yeye alituambia kumi na sita,” akasema, akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti.